Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Safari ya Kutazama Nyangumi Katika Nchi Zinazowawinda

Anayepanga kwenda kutazama nyangumi Iceland, Norwei au Japani anakwenda katika nchi tatu ambazo zimeendelea kuwawinda wanyama haohao kwa biashara. Katika bandari ya zamani ya Reykjavík, mji mkuu wa Iceland, mashua za watalii hufungwa gatini hatua chache tu kutoka kwenye mikahawa iliyouza mishikaki ya nyangumi kwa miaka mingi, na mtu aliyeshangilia asubuhi alipomwona mnyama huyo akiibuka ameweza kumla jioni kwa sababu tu ameambiwa ni chakula cha jadi. Naamini kwamba matumizi ya mtalii yana nguvu katika suala hili kuliko malalamiko yake, na kwamba uamuzi wa namna ya kutumia pesa hizo ufanywe nyumbani kwa utulivu, kwani mezani, njaa inauma na wenzako wameshaagiza, ni rahisi mno kulegea.

Kabla ya kukata tiketi, ifahamu hali ya sheria. Tume ya Kimataifa ya Nyangumi, iliyoanzishwa kwa mkataba wa 1946, iliamua mwaka 1982 kusitisha uwindaji wa kibiashara, na uamuzi huo ukaanza kutumika katika msimu wa 1985/86. Norwei iliweka pingamizi, kwa hiyo uamuzi hauifungi, na ilirejea kuwinda kibiashara mwaka 1993. Iceland ilijitoa katika Tume mwaka 1992, ikarudi mwaka 2002 kwa sharti kwamba uamuzi huo usiifunge, na ikaanza tena kuwinda kibiashara mwaka 2006. Japani ilijitoa tarehe 30 Juni 2019 na meli zake zikatoka kuwinda siku iliyofuata. Jamii za asili za Alaska na Greenland ziko katika fungu jingine kabisa: zinawinda kwa ajili ya kujikimu kwa mgawo unaotambuliwa na Tume, na si haki kuwabebesha watu hao lawama ya kampuni zinazouza nyama ng'ambo.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni lugha ya menyu. Nyama ya nyangumi haiandikwi kila mara kwa jina ambalo mgeni atalitambua, kwa hiyo yaandike maneno haya mahali utakapoyaona haraka. Kwa Kiaislandi, hvalur ni nyangumi, hvalkjöt ni nyama yake, hrefna ni nyangumi mdogo aitwaye minke, na langreyður ni aina ya fin, wa pili kwa ukubwa duniani baada ya nyangumi buluu. Kwa Kinorwei utakutana na hval, hvalbiff au vågehval, na katika soko la samaki la Bergen utaikuta mbele ya watalii kabisa, nyama yenye wekundu mzito ulioiva, mara nyingine ikiwa imefanywa soseji. Kwa Kijapani neno ni kujira. Mhudumu akikuletea kipande cha kuonja bila malipo, kukataa kwa upole kunatosha, lakini ni vizuri zaidi kumweleza sababu, kwa kuwa mwenye mkahawa huagiza kile wageni wanachokiitikia.

Hilo si dhana tupu. Nyama ya minke iliyovuliwa Iceland iliuzwa humohumo nchini, na mikahawa inayopokea watalii ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wake muhimu, ilhali nyama ya fin ilisafirishwa zaidi kwenda Japani. Waendeshaji wa mashua za kutazama nyangumi walishirikiana na IFAW, shirika la kimataifa la kutetea wanyama, kuwaomba wageni wasiile na kuwaomba wenye mikahawa wasiiuze. Mwaka 2017 eneo la hifadhi katika ghuba ya Faxaflói, iliyo mbele ya Reykjavík, lilipanuliwa, ikawabidi wawindaji kwenda mbali zaidi kwa gharama kubwa zaidi, na mwaka 2020 kampuni iliyokuwa ikiwinda minke ikatangaza kuacha. Nadhani pigo la sheria lilikuwa kubwa kuliko la soko, ila sheria yenyewe isingepata watetezi bandarini kama kusingekuwa na watu wanaoishi kwa kuwaonyesha wageni nyangumi walio hai.

Uwindaji wa fin una historia yake. Mwaka 2022 waliuawa 148, na ripoti ya mamlaka ya chakula na mifugo ya Iceland ilionyesha kwamba 36 kati yao walipigwa chusa zaidi ya mara moja, ingawa chusa hilo hubeba kilipuzi kinachokusudiwa kuua papo hapo. Ripoti hiyo ndiyo iliyomfanya waziri asimamishe msimu mnamo Juni 2023 hadi mwisho wa Agosti. Hata hivyo, mwishoni mwa 2024 serikali ilitoa kibali kipya cha miaka mitano, kwa hiyo asije mtu akadhani kazi imekwisha.

Sasa mashua. Kutazama nyangumi ni biashara kubwa; makadirio ya mwaka 2008 yalikuwa watu milioni 13 katika nchi 119, na mapato ya zaidi ya dola za Marekani bilioni 2. Biashara ya ukubwa huo inaweza kumdhuru mnyama inayedai kumpenda. Kabla ya kulipa, mwandikie mwendeshaji umuulize anakaribia kwa umbali gani, mashua ngapi huruhusiwa kumzunguka mnyama mmoja, nahodha hufanya nini akikuta mama na ndama wake, na kama kampuni ina uhusiano wowote na mkahawa unaouza nyama hiyo. Jibu zuri huwa na maelezo mahususi. Anayekuahidi kwamba utawagusa, au kwamba utawaona kwa karibu katika kila safari kwa vyovyote vile, mwache.

Ukiwa majini utaujua ustadi wa nahodha kwa macho yako. Nahodha mwema hamfuati nyangumi kwa nyuma wala hamkingami kwa mbele. Humwendea kwa ubavu, akipunguza mwendo tangu mbali, kisha hutuliza injini na kungoja. Hapo ndipo unasikia pumzi inayotoka kwa kishindo, unaona ukungu wa mvuke ukipeperuka, mgongo ukijikunja polepole, na mwishoni mkia ukiinuka juu ya maji, dalili kwamba amezama kina na hataonekana kwa dakika kadhaa. Nyangumi akibadili mwelekeo mara kwa mara au akikatisha kupumua ili azame, mashua imemsumbua, nawe una haki ya kumwambia kiongozi wa msafara hivyo.

Kuhusu kususia nchi hizi kabisa, maoni yangu ni kwamba kwenda na kumlipa anayemtunza nyangumi kuna manufaa kuliko kubaki nyumbani. Nenda Húsavík kaskazini mwa Iceland, Andenes huko Norwei, au visiwa vya Ogasawara ambavyo meli kutoka Tokyo huvifikia baada ya takriban saa 24. Kuna sehemu zilizokwishavuka mto huu: katika visiwa vya Azores, Ureno, uwindaji ulikoma miaka ya 1980, na vibanda vya juu ya majabali ambamo walinzi walikaa na darubini wakiwaita wawindaji sasa huelekeza mashua za watalii.

Begi nalo likumbukwe. Chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, biashara ya kimataifa ya nyangumi wakubwa imepigwa marufuku karibu yote, na nyama ya kopo au pambo la jino la nyangumi linaweza kunyang'anywa forodhani, na hata kukufungulia mashtaka.

Mwisho, andaa mapema barua mbili fupi. Moja ipeleke kwa bodi ya utalii ya nchi husika, ukitaja tarehe za safari yako na kwamba ulikuja kwa ajili ya nyangumi walio hai. Nyingine mwachie mwenye mkahawa ulimokula, ukimwambia kwamba ulimchagua kwa sababu nyama hiyo haikuwamo kwenye menyu yake.