Namna ya kuandaa jioni ya mashairi Walukuba, Jinja

Ukitaka kuandaa jioni ya mashairi na hadithi hapa Jinja, Uganda, usianzie Main Street. Najua maduka yale ya Wahindi yanavutia, yenye jina la mwenyewe na mwaka wa ujenzi juu ya baraza, na nimewahi kuwapeleka vijana wayasome majina hayo kwa sauti, maana wengi wa wenye nyumba walifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Lakini watu waliofuma shuka za Nytil, kiwanda cha nguo cha hapa, walilala mtaa wa Walukuba, na huko Kiswahili bado ni lugha ya uani. Anzia huko.

Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, umeme ulivuta viwanda, na viwanda vikavuta Waluo, Waluhya, Wateso, Waacholi, wakakutana na Wasoga wenye mji. Baba yangu alitokea upande wa Busia, mama ni Msoga, na sisi watoto tulilelewa katika Kiswahili kilichowakutanisha. Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni hili: usimsahihishe mzee ngeli. Akisema "ile mtu alikuwa fundi kabisa", iandike "ile mtu". Ukimsahihisha mara moja tu, atanyamaza au atahamia lugha nyingine, nawe umekwisha kumpoteza.

Jioni yangu ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Nilikodi ukumbi, nikapanga viti kwa mistari, nikaweka kipaza sauti mbele. Wazee watano walikuja wamevaa koti, wakakaa nyuma kabisa, na wakaondoka kabla ya chai. Nilikuwa nimewaomba wasimame mbele ya wageni waeleze siku kazi ya kiwandani ilipokwisha, jambo ambalo hata watoto wao hawajawahi kuambiwa.

Sasa nafanya hivi. Wiki mbili kabla, nakwenda nyumba kwa nyumba na nusu kilo ya sukari, bila daftari. Simuulizi mtu maisha yake. Namwomba anionyeshe kazi ya mikono yake: "Mzee, uzi ukikatika mlikuwa mnauungaje?"

Mmoja alichomoa uzi kwenye mfuko wa unga uliokuwa karibu. Akazilowesha ncha mbili kwa ulimi, akazipishanisha juu ya ukucha wa kidole gumba, akazungusha, akapenyeza, akavuta, akakata mkia kwa meno. Sikuwa nimemaliza kupumua. Kisha akanipa niupitishe kati ya vidole nikiwa nimefumba macho, nami sikujua fundo lilipo. "Ukilisikia," akasema, "nguo imeharibika." Hapo ndipo alipoanza kuzungumza, na alizungumza mpaka taa zikawashwa.

Basi siku ya mkutano, mwombe mzee kama huyo awafundishe vijana fundo lake kabla hawajashika kalamu. Wape kila mmoja nyuzi mbili. Wengi watashindwa, watacheka, watauliza, na maswali yao ni bora kuliko yoyote utakayoandika nyumbani. Yakusanye maneno yanayotoka: mtande, yaani nyuzi za urefu wa nguo, mshindio, zile zinazopita kwa upana, bobini ya kuviringia uzi, shifti ya usiku. Waandishi wachanga wapewe maneno matatu kati ya hayo na nusu saa. Anayetaka vina na mizani aandike shairi la kupima. Anayetaka masimulizi asizuiwe.

Mahali: chini ya mwembe au kwenye veranda, mikeka kwa duara. Wakati: Jumamosi saa tisa, mmalize kabla ya saa kumi na mbili kwa sababu kina mama wana jiko. Chai ya maziwa na kabalagala, vile vikate vya ndizi vya kukaanga, zinatosha. Fedha ikiwa chache, iende kwenye bodaboda za wazee, kuja na kurudi.

Muziki usiuweke mwishoni kama kitu cha kufungia sherehe. Ukibahatika kupata wapiga bigwala, waanze wao. Ni magunda ya vibuyu ya Busoga, UNESCO iliyaingiza mwaka 2012 katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka. Kila gunda lina sauti moja tu. Wimbo hautoki mpaka kila mmoja apulize kwa zamu yake. Waache wasikilizaji wakae karibu waone nani anapuliza lini.

Kurekodi, omba ruhusa kwanza, na ukikataliwa zima simu mbele yake. Ukishaandika, chapa nakala mbili mjini, moja ni ya mwenyewe, na umsomee kabla hujaisoma popote pengine. Msomee polepole, macho ya wengi yamechoka. Yule mzee wa fundo alinikatiza nilipofika kwenye "kazi ikasimama".

"Haikusimama," akasema. "Andika: mashine zilinyamaza moja moja."