Kuendesha mkutano wa kikundi cha wakulima wa zabibu

Ukiitisha mkutano Hombolo au Mpunguzi, huko Dodoma, usiuweke asubuhi ya Januari: watu wako kwenye palizi na akidi haitatimia. Tangaza siku 7 kabla, ajenda zisizidi 3. Kila ajenda iwe swali la kuamuliwa: "Tuuze kwa mnunuzi mmoja au kila mtu kivyake?" Ukiandika "masoko" tu, utapata hotuba.

Panga viti duara, bila meza kuu. Mwenyekiti aongee mwisho. Hapa ndipo mikutano mingi huharibika, kwani akishatoa maoni yake, nani atampinga? Kabla ya mjadala wape watu dakika 5 wazungumze wawili wawili, hata kwa Kigogo, kisha kila jozi itoe hoja moja. Anza na vijana na akina mama. Wazee wakitangulia, wengine hunyamaza kwa heshima, na ukimya huo huandikwa kwenye muhtasari kuwa wamekubali. Si haki.

Masuala ya fedha yapigiwe kura ya siri. Mwishoni katibu asome kila azimio kwa sauti: nini, nani, lini. Lisilo na jina la mtu lijadiliwe tena kabla watu hawajatawanyika.