Buji ya joto iliyogoma kwenye kulasi: namna ya kuitoa nzima

Gari la mazutu (dizeli) likikataa kuwaka asubuhi, batri ndiyo hulaumiwa kwanza, ingawa kosa linaweza kuwa la buji za joto. Hapa Goma, mashariki ya Kongo, tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na asubuhi ya baridi injini inazihitaji buji zake zote, yaani vifimbo vya umeme vilivyofungwa kwenye kulasi (kifuniko cha juu cha silinda) ili kupasha chumba cha mwako. Moja ikifa, injini inawaka kwa kutetemeka huku ikitoa moshi mweupe. Maelezo haya ni ya Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ambayo ina buji sita, na ya Hilux na Hiace zenye injini za aina ya 2L na 3L. Malori makubwa mengi hayana buji hizi, kwa hiyo usipoteze siku kuzitafuta.

Kabla ya kushika spana, hakikisha ni ipi iliyokufa. Fungua kipande cha shaba kinachounganisha buji zote. Nati zake ni ndogo, tumia soketi ya 8 na mkono mwepesi. Chukua ampuli ya kupimia, unganisha upande mmoja na chanya ya batri, upande wa pili gusa kichwa cha buji. Ikiwaka, waya wa ndani haujakatika. Isipowaka, buji imekufa. Kwa mita, buji nzima ya volti 12 inasoma kama omu moja.

Buji hugoma kwa sababu tatu. Ya kwanza ni kutu kwenye meno. Ya pili ni masizi yanayopanda kati ya ncha na tundu lake hadi kuibana. Ya tatu ndiyo mbaya: ncha iliyovimba. Hutokea buji ya volti ndogo inapofungwa kwenye gari la umeme mkubwa, kwa mfano ya 11 kwenye gari la volti 24. Ncha inaungua, inanenepa, halafu haipiti tena kwenye tundu. Soma volti zilizochapwa kwenye mwili wa buji. Duka likikuambia "zote ni sawa", tafuta duka lingine.

Anza jioni. Puliza kwa kompresa kuzunguka kila buji. Vumbi letu la mawe ya volkano ni gumu, na likidondokea ndani litakwaruza silinda. Kisha mimina degripani (mafuta ya kulegeza kutu) kwenye shina la kila buji, rudia baada ya saa moja, acha ilale. Mazutu yaliyochanganywa na oili hayafanyi kazi hiyo, hata kama garaji nyingi huyapenda kwa bei yake.

Asubuhi rudisha kipande cha shaba, tembeza gari kama nusu saa hadi injini ishike joto kamili, kisha lizime na ufungue tena. Injini ya moto ndiyo msaada mkubwa, maana buji iliyokatika waya haiwezi kujipasha yenyewe. Ile ambayo bado inafanya kazi unaweza kuipa umeme wa volti zake kwa sekunde 30, upumzishe dakika moja, urudie mara tatu nne. Kwanza futa degripani yote iliyobaki, kwani inashika moto.

Sasa nguvu. Buji ya M10, yaani yenye meno ya kipenyo cha milimita 10, hukatika kwenye nyutonimita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 35 hivi, ya M8 kwenye 20, ya M12 kwenye 45. Kwa M10, weka spana ya kupimia kwenye 25. Ikilia kabla buji haijageuka, acha, ongeza degripani, pasha tena. Huna spana hiyo? Kwenye mkono wa sentimita 20, nyutonimita 25 ni karibu uzito wa lita 12 na nusu za maji. Bidoni iliyojaa ya lita 20 ingeshaikata. Tumia soketi ndefu iliyokaa wima, kwa sababu ikiinama inavunja shingo hata kwa nguvu ndogo.

Ikilegea kidogo, usiifungue yote kwa mkupuo. Fungua robo ya mzunguko, rudi nyuma, degripani, mbele tena. Unaposikia mlio mkavu wa kukwaruza, hayo ni masizi; rudi nyuma. Meno yakiisha lakini buji haitoki, ncha imevimba au imebanwa. Ivute wima kwa nyundo ya kuteleza (fimbo ya kuvutia yenye uzito unaoteleza juu yake), wala usiitikise pembeni kwa koleo. Wapo wanaowasha injini ili mgandamizo uirushe nje. Hiyo inatoka kama risasi, usifanye.

Ikikatika shingo, usikimbilie drili. Toa kwanza enjekta ya silinda hiyo uangalie kama ncha bado imeshika. Imedondoka kwenye chumba cha mwako? Injini isizungushwe hata mara moja, kulasi lazima ifunguliwe. Kama bado imeshika, mwili hutobolewa kwa seti maalumu yenye kiongozi cha katikati, ncha ya drili ikipakwa grisi nzito ishike vumbi la chuma. Drili ya mkononi bila kiongozi huhama na kula meno ya kulasi.

Buji ikishatoka, safisha tundu kwa rima (kifaa cha kukwangua tundu) iliyopakwa grisi, na linganisha hatua ya meno (umbali kati ya jino na jino) na buji mpya: M10 ziko za milimita 1 na za 1.25. Paka grisi ya shaba kidogo kwenye mwili, kamwe si kwenye ncha. Anza kwa vidole hadi ikae, kisha kaza nyutonimita 15 kwa M10, 10 kwa M8, 22 kwa M12. Rudisha kipande cha shaba, washa injini, paka maji ya sabuni kwenye shina. Povu likitokea, buji haijakaa vizuri: itoe, angalia kiti chake kama kina masizi, urudie.