Saa ya mkononi ya kazi ngumu: anza na kitakachoiua

Mezani kwangu pa kazi kuna kopo la saa zilizokufa. Wenyewe waliziacha baada ya kuambiwa hazitengenezeki, nami nazichuna spea. Nikilimwaga kopo hilo na kuzipanga saa kwa chanzo cha kifo, fungu kubwa kuliko yote ni la maji. Zilizokufa kwa kugongwa ni chache. Tena kuna fungu ambalo halimo koponi kabisa: saa zilizochomoka mkononi zikapotea, ambazo mimi nazijua kwa masimulizi tu.

Hata hivyo mtu akija kutaka ushauri wa saa ya porini, swali lake la kwanza huwa ni moja: "Fundi, hii ikianguka itapona?" Basi mwongozo huu nimeupanga kwa kufuata kopo langu.

Hatua ya 1: Andika saa yako itakufaje

Chukua karatasi kabla hujaangalia saa yoyote. Andika mkono wako unaingia wapi: maji ya chumvi, matope, mchanga, grisi. Andika unagonga au unatikisa nini: mawe, nyundo, usukani wa pikipiki. Andika unakaa siku ngapi mbali na umeme na mbali na fundi. Kama saa ya mwisho ilikufa, andika na chanzo chake. Je, uliona ukungu ndani ya kioo? Kioo kilipasuka? Uliinua mkono ukakuta hamna kitu?

Mvuvi, mpanda milima na mpasua mawe wote husema wanataka saa ngumu, na kila mmoja ana maana yake. Mvuvi anataka iliyozibwa vizuri na mkanda usiooza. Mpanda milima anataka nyepesi, yenye betri isiyozimia baridini. Mpasua mawe anataka mashine isiyojali mtikisiko. Saa moja inaweza kumfaa wa kwanza na kumtesa wa tatu.

Hatua ya 2: Chagua mashine

Saa ya springi, iwe ya kutiwa ufunguo au ya kujijaza kwa mwendo wa mkono, ina gurudumu dogo linalocheza huku na huku bila kupumzika. Ncha za mhimili wake ni nyembamba kama unywele. Tangu miaka ya 1930 watengenezaji wamekuwa wakizikalisha ncha hizo kwenye vito vilivyoshikwa na springi ndogo, ndiyo maana saa nzuri ya aina hii huanguka ikapona. Ila kuanguka mara moja si sawa na kushikia nyundo kutwa nzima. Mimi mwenyewe navaa ya springi, naipenda, na naivua kila ninaposhika shoka.

Saa ya betri ina kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Haina lile gurudumu, kwa hiyo mtikisiko hauna pa kuishika. Kwa majira nayo haina mpinzani: ya kawaida hukosea takriban sekunde 15 kwa mwezi, wakati saa ya springi yenye cheti cha usahihi cha Uswisi, kiitwacho COSC, inaruhusiwa kupoteza sekunde 4 au kuzidi sekunde 6 kwa siku. Kwa kazi ngumu, jibu langu ni kwatzi.

Inayochajiwa na mwanga ndiyo ninayowapendekezea wengi. Ikishiba, nyingi huenda miezi 6 au zaidi hata zikikaa gizani, na faida kubwa ni kwamba kifuniko cha nyuma hakifunguliwi ovyo. Kila kinapofunguliwa, maji yanapata nafasi. Tatizo lake ni moja: ukivaa mikono mirefu mwaka mzima, unaifunika, nayo inakaa na njaa.

Saa janja ina ramani na mapigo ya moyo, lakini inadai chaja. Angalia ile karatasi yako. Kama uliandika zaidi ya siku chache mbali na umeme, iwe saa ya pili, si ya kwanza.

Hatua ya 3: Soma mgongo wa saa, hasa kuhusu maji

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza saa.

Maandishi kama "30M" hayana maana kwamba unaweza kuzama mita 30 ukiwa umeivaa. Ni shinikizo la maabara, saa ikiwa imetulia tuli. Saa nyingine huandikwa BAR, kipimo cha shinikizo: kila BAR 1 ni sawa na uzito wa maji ya kina cha mita 10 hivi. Mkono unaopiga mbizi, kile kifundo cha kurekebishia majira kikiwa kimesukumwa kidogo, mpira wa ndani uliozeeka, hayo yote maabara haikuyahesabu. Mimi husoma hivi: 3 BAR ni mvua na kunawa mikono. 5 BAR ni kuogelea kwa utulivu, na hata hapo moyo wangu hautulii. 10 BAR ndipo ninapoanzia kwa mtu wa porini. 20 BAR ni kwa anayeishi majini.

Ukiona neno "DIVER'S" likifuatwa na mita, na saa inafuata ISO 6425, kiwango cha kimataifa cha saa za wapiga mbizi, hiyo ni habari nyingine. Kiwango hicho kinadai kila saa ipimwe yenyewe, kwa shinikizo linalozidi lililoandikwa kwa asilimia 25. Saa za kawaida za kuzuia maji hazilazimiki kupimwa moja moja.

Kinachozuia maji ni mpira mwembamba, oringi, chini ya kifuniko cha nyuma, na mingine midogo kwenye vitufe na kwenye kifundo. Mpira huzeeka. Sabuni na mvuke wa maji ya moto huuzeesha haraka, kwa hiyo saa ya 10 BAR haikununuliwa ili uoge nayo maji ya moto. Hatari nyingine ni kutoka kwenye jua kali na kujitosa kwenye maji baridi: hewa iliyo ndani hujikunja, na kama kuna upenyo, inavuta maji.

Chagua kifundo cha kukaza kama skrubu ikiwa utaingia majini mara kwa mara. Halafu kikaze kweli. Saa ngapi nimezifungua zikiwa na kutu, mwenyewe akiapa haijawahi kuzama, kumbe kifundo kilibaki wazi tangu aliporekebisha tarehe! Na usibonyeze vitufe ukiwa chini ya maji, isipokuwa kijitabu cha saa kimeruhusu.

Hatua ya 4: Kishindo, kioo na kingo

Mwaka 1983 Casio ilitoa G-Shock ya kwanza. Mhandisi Kikuo Ibe alitaka saa ivumilie kuanguka mita 10, ihimili maji ya 10 BAR, na betri yake idumu miaka 10. Alitengeneza saa za majaribio zipatazo 200, akizidondosha kutoka dirishani. Suluhisho lilimjia alipomwona mtoto akidundisha mpira: kitu kilicho katikati ya mpira hakipati kishindo cha sakafu. Akaiacha mashine ielee ndani ya kasha, ikigusana nalo sehemu chache tu.

Nakusimulia hayo ili ujue cha kutafuta hata kwenye saa ya jina lingine. Itazame kwa ubavu. Je, pete iliyozunguka kioo imepanda juu kuliko kioo chenyewe? Ilaze kifudifudi kwenye meza: kioo kisiguse. Je, vitufe vimezama au vina kingo? Kitufe kilichotokeza ndicho kinachogonga jiwe kwanza.

Maandishi "SHOCK RESISTANT" kwa kiwango cha ISO 1413 yanaiga kuanguka mita 1 kwenye sakafu ya mbao ngumu. Ni kipimo cha meza ya kulia chakula, si cha genge la mlimani. "MIL-STD-810" ni utaratibu wa majaribio wa jeshi la Marekani, lakini jeshi halitoi cheti kwa saa za madukani. Kiwanda hujipima chenyewe na kuchagua majaribio yake. Uliza kilipima nini.

Kuhusu kioo kuna ubishi usioisha, nami nina upande wangu. Kioo cha safaya ni kigumu sana, 9 kwenye mizani ya ugumu ya Mohs, na mchanga, ambao mwingi ni kwatzi wa 7, haukikwaruzi. Lakini kigumu hakipindi: ukikipiga kwa ncha kinaweza kupasuka vipande. Kioo cha madini hukwaruzika mapema ila huvumilia kipigo zaidi. Kioo cha plastiki hukwaruzika kwa urahisi kuliko vyote, ila mikwaruzo yake unaifuta kwa dawa ya meno na kitambaa. Kwa anayetembea mchangani, safaya. Kwa anayegonga mawe na vyuma, kioo cha madini kilichozama ndani ya pete.

Kasha la chuma cha pua ni zito na imara. Titani ni nyepesi karibu nusu yake na haiogopi maji ya chumvi, ila huchubuka uso upesi. Plastiki ngumu ndiyo bingwa wa kishindo, lakini baada ya miaka mingi ya jasho na unyevu huanza kumeguka kama biskuti. Na jihadhari na dawa ya kufukuza mbu yenye DEET: inayeyusha plastiki. Jipake, futa viganja, ndipo uvae saa.

Hatua ya 5: Mkanda na zile pini mbili

Saa nzima inaning'inia kwenye pini mbili za springi, kila moja nyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Pini moja ikichomoka, umeagana nayo. Dawa rahisi ni mkanda wa nailoni wa kipande kimoja unaopita nyuma ya kasha, ule uitwao NATO, uliotokana na maelekezo ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ya mwaka 1973. Pini moja ikikatika, saa inabaki imeshikwa na ya pili. Tena unakauka haraka.

Ila fundi wa mashine zinazozunguka asiuvae huo. Mkanda usiokatika ukinaswa na mashine, unaondoka na mkono. Huyo avae wa kunata unaobanduka, au aivue saa kabisa wakati wa kazi.

Ngozi ni nzuri ofisini, jasho huiozesha. Pima nafasi kati ya masikio ya kasha, zile ncha zinazoshika mkanda, na nakushauri uchague ya milimita 20 au 22, kwa kuwa mikanda ya vipimo hivyo hupatikana kwa urahisi. Saa zenye maungio ya umbo la pekee zinakufunga kwa mtengenezaji mmoja, na siku atakapoacha kutoa mkanda huo, saa nzima inakuwa pambo.

Hatua ya 6: Isomeke gizani na kwa jicho lililochoka

Ingia nayo sehemu yenye giza. Rangi ya kung'aa ya kisasa hunywa mwanga na kufifia usiku unavyokwenda. Vijibomba vya gesi ya tritiamu hung'aa vyenyewe bila kuchajiwa, ingawa baada ya miaka 12 na ushei mwanga umebaki nusu. Za namba za kidijitali zina taa, ila nyingine zina namba nyeupe kwenye uso mweusi. Zinapendeza kwenye picha na hazionekani jioni. Mimi husema namba nyeusi kwenye uso mweupe, basi.

Hatua ya 7: Vya ziada, kwa kiasi

Kipima mwinuko hutegemea mgandamizo wa hewa. Mgandamizo huo hupimwa kwa hektopaskali, na karibu na usawa wa bahari, hektopaskali 1 ni mita 8 hivi za mwinuko. Hali ya hewa ikibadilika usiku na mgandamizo ukashuka kwa 5, utaamka saa ikidai umepanda mita 40 ukiwa usingizini. Chafaa, mradi ukirekebishe kila ufikapo mahali unapojua mwinuko wake. Dira ya ndani ya saa nayo hudanganywa na chuma kilicho jirani, kwa hiyo usiisome ukiwa umeegemea gari. Kupokea majira kwa redio hufanya kazi tu pale mawimbi ya vituo vyake yanapofika. Kama hapo ulipo hayafiki, usilipie.

Hatua ya 8: Dukani, kisha nyumbani

Ivae, kunja kiganja kwa nyuma kama anayepiga pushapu. Kifundo kikikuchoma, utaivua kila siku hadi uipoteze. Vaa begi la mgongoni, livue. Saa nene hunaswa na mkanda wa begi.

Nyumbani, ipashe saa joto kwa kuivaa kutwa, kisha weka tone la maji baridi juu ya kioo kwa dakika moja, ulifute. Ukiona ukungu kwa ndani, unyevu umo tayari. Irudishe siku hiyo hiyo, usingoje ukauke.

Ukitoka baharini, isuuze kwa maji yasiyo na chumvi. Siku ya kubadili betri, dai oringi mpya na saa ipimwe kwa shinikizo, na umwombe fundi aandike tarehe kwa ncha ya sindano ndani ya kifuniko. Akikuambia mpira bado mzima kabla hajaufungua na kuutazama, chukua saa yako uondoke.