Duka Likitaka Kuchukua Friji, Hesabu Theluthi Mbili Kwanza

Jumamosi iliyopita nilishinda kwa jirani yangu hapa Likoni, Mombasa. Alikuwa ameruka miezi miwili ya malipo, na duka alilochukua friji kwa lipa mdogo mdogo limemwandikia kwamba pikapu ingekuja Jumatatu. Hivi ndivyo tulivyofanya.

1. Soma mkataba. Tafuta mambo mawili: bei nzima ya kulipia kidogo kidogo (si ile ya taslimu), na kama kitu ni mali ya duka mpaka umalize. Ukikuta ulikopeshwa pesa tu na friji ni rehani, mwongozo huu si wako.

2. Toa taarifa ya M-Pesa. Piga *334#. Omba taarifa kamili, si ile fupi.

3. Hesabu theluthi mbili. Hapa ndipo mchana wetu wote uliishia.

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Hire Purchase ya Kenya (yaani sheria ya hayo manunuzi ya lipa mdogo mdogo), Sura ya 507, kinasema hivi: ukishalipa theluthi mbili ya bei, duka haliwezi kukunyang'anya kitu bila kwenda mahakamani. Likikichukua kwa nguvu, mkataba unavunjika, deni linakufa, na una haki ya kudai kila ulichokwisha lipa. Sheria hii ni ya mikataba isiyozidi shilingi milioni 4, na kampuni ikiwa ndiyo mnunuzi haihusiki.

Bei ya friji ilikuwa 60,000, kwa hiyo theluthi mbili ni 40,000. Mama huyo jirani yangu alitoa arbuni (malipo ya kwanza) ya 12,000, kisha 4,000 kila mwezi. Taarifa yake ikatupa 36,000. Nikahesabu mara tatu, nikaanza kutafuta maneno ya kumpa pole. Kumbe mwezi mmoja mwanawe ndiye aliyelipa, kwa simu yake mwenyewe! Basi uliza kila mtu nyumbani kabla ya kukata tamaa, na pesa ulizompa wakala wa duka mkononi zitafutie risiti.

Kwa hiyo ni 40,000 kamili. Lakini daftari la duka lilisema 36,500, kwa sababu kila alipochelewa walikata faini kwanza, ndipo kinachobaki wakakiandika kwenye deni. Usikubali. Kwa sheria, faini si sehemu ya bei, na arbuni ni sehemu ya bei. Wahudumu wa duka hugeuza yote mawili, wengine kwa kutojua. Sisemi faini hudaiwi. Nasema ni deni la pembeni, lisichanganywe na hesabu hii.

Kama hujafika theluthi mbili na umebakiza kidogo, mimi ningekopa kwa chama nifike, kabla ya kulumbana na mtu yeyote.

4. Andika barua. Karatasi, nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri. Sipendi kabisa kesi za sauti za WhatsApp. Kesho simu inaanguka kwenye feri na ushahidi unazama nayo. Taja kifungu cha 15, ambatisha taarifa zote, na useme utalipa kiasi gani na lini. Hiyo ya mwisho usiiache, maana deni lipo.

5. Wakija, usitie sahihi karatasi yoyote ya "kurudisha kwa hiari", hata ukiambiwa ni ya kuthibitisha tu kwamba walifika. Ita jirani awe shahidi. Uliza amri ya mahakama iko wapi. Usipigane.

6. Wakichukua, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1, wakili si lazima, na sheria yake inataka kesi iishe ndani ya siku 60.

Sisi hatukufika huko. Jumatatu pikapu haikuja. Alipiga simu meneja, akauliza ile 4,000 ya kijana ilitumwa kutoka nambari gani.