Somo: Kuunda padi ya gemu kwa mchezaji ambaye mikono haimtii

Wengi huanzia Kariakoo. Wananunua batani za rangi rangi, wanarudi nyumbani, ndipo wanamtafuta mtu wa kuzibonyeza. Anza na mwili wa mchezaji. Pesa itatoka baadaye.

Hatua ya 1: Kupima

Mkalishe pale anapochezea kweli, kwenye kiti chake mwenyewe, si kwenye kochi la wageni. Tafuta miondoko anayoweza kuirudia mara 30 bila kuchoka: kidole gumba, kiwiko, goti, kisigino. Kila mwondoko ni batani moja. Kisha weka mizani ya jikoni chini ya kiungo hicho abonyeze. Akifikisha gramu 60 tu, batani inayodai gramu 100 itamtoa jasho bure, hata iwe pana kama sahani. Batani kubwa humfaa asiyeweza kulenga. Batani nyepesi humfaa asiye na nguvu. Watu huyachanganya haya mawili kila siku. Kabla ya kutumia shingo au kidevu, muulizeni kwanza mtaalamu wake wa mazoezi ya viungo.

Hatua ya 2: Katoni

Bandika vizibo vya chupa za maji kwenye katoni kwa selotepu. Mchezaji aguse vizibo, mwenzake ashike padi ya kawaida na kubonyeza kinachoguswa. Dakika 20 zinatosha kuonyesha kizibo gani kiko mbali. Katoni ni bure. Plaiwudi ikishatobolewa imetobolewa.

Hatua ya 3: Vifaa

Bodi moja ya Pro Micro (ubao mdogo wa kielektroniki unaopokea programu) yenye chipu ya ATmega32U4, batani 6 za mm 30 za kukazwa kwa nati, soketi 6 za jeki ya mm 3.5 (matundu ya kuchomekea plagi ya waya wa kila batani), joistiki moja ya kiloomu 10, plaiwudi ya mm 6. Usikubali kuuziwa Arduino Uno R3 kwa maneno ya "zote ni zile zile": chipu yake kuu haizungumzi USB yenyewe, kwa hiyo kompyuta haitaiona kama padi. Soma maandishi ya chipu kabla ya kulipa.

Hatua ya 4: Waya

Ncha ya kila soketi (mguu unaogusa ncha ya plagi) iende kwenye pini yake ya bodi, shina (mguu unaogusa mwili wa plagi) liende GND, yaani hasi ya pamoja. Washa INPUT_PULLUP (rezista iliyomo ndani ya chipu) ndani ya programu, usihangaike na rezista za nje. Soketi ndogo ya USB ya Pro Micro hung'oka upesi. Izungushie gundi ya moto siku ya kwanza.

Hatua ya 5: Programu

Kwa batani ya kawaida, puuza mitikisiko ya batani yenyewe, ya milisekunde 10 baada ya kubonyezwa. Kwa mchezaji anayetetemeka kuna njia mbili, na tofauti yake ni kubwa. Ukisubiri mpaka batani ishikiliwe milisekunde 80, miguso ya bahati mbaya inakufa, lakini kila shuti linachelewa. Ukipokea mguso wa kwanza papo hapo kisha ukaziba masikio kwa milisekunde 80, hakuna kuchelewa, ila mguso wa bahati mbaya unapita. Kwa gemu za mpira chukua njia ya pili.

Batani ya kukimbia ifanye ya kuwasha na kuzima: gusa mara moja akimbie, gusa tena aache. Kuishikilia mechi nzima ni adhabu.

Joistiki husoma 0 hadi 1023, katikati karibu 512, ila kila moja ina katikati yake. Programu iisome katikati hiyo kila bodi inapowaka, mkono ukiwa mbali. Kama mkono unafika 400 hadi 620 tu, tanua masafa hayo yawe kamili. Ukitanua, mtetemo nao unatanuka, basi chukua wastani wa usomaji 8.

Hatua ya 6: Kufunga

Padi inayoteleza ni mbovu hata kama waya zote ni nzima. Kata soli ya kandambili kuukuu, gundisha chini. Kwenye kiti cha magurudumu tumia klampu. Usitoboe bomba la fremu, utalidhoofisha. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana hewa ya chumvi ya pwani haina huruma.

Maswali

Wa Tandika: Wakuu, nimechomeka swichi, batani imebaki imebonyezwa muda wote.
Jibu: Soketi yako ni ya stereo na umeunga waya kwenye pete ya kati. Plagi ya mono huunganisha pete na shina. Hamishia waya kwenye ncha.

Wa Mbagala: Naweza kulehemu kwenye padi ya zamani ya USB badala ya kununua bodi?
Jibu: Inawezekana, mkuu, lakini yale madoa meusi yaliyo chini ya batani ni kaboni, risasi ya kulehemu haishiki. Kwangua njia ya shaba iliyo karibu. Tumia mita ya umeme kuona kama batani zote zina GND moja. Zisipokuwa nayo, kila batani iwe na waya zake mbili.

Wa Kigamboni: Itakubali PS5?
Jibu: Moja kwa moja, hapana, kompyuta ndiyo. PS5 na Xbox hukataa padi zisizo na leseni. Ndiyo maana tumeweka jeki za mm 3.5: batani zako zitachomekwa kwenye padi rasmi za wachezaji wenye ulemavu: Xbox Adaptive Controller ya 2018, yenye matundu 19 ya jeki hizo, au Access ya PS5 ya 2023, yenye 4. Joistiki itabaki kwenye bodi yako.