Kisima Hupimwa Mwisho wa Kiangazi, si Baada ya Mafuriko

Kila mafuriko yanapopungua, kosa lile lile hurudi. Mkulima huchungulia kisima chake na kuona maji yamepanda karibu na mdomo, huwasha pampu kwa saa moja, akiona hayajaisha huridhika, kisha hununua mbegu za ekari mbili. Miezi michache baadaye, mimea ikiwa inatoa maua, wakati ambao haistahimili kiu hata kidogo, pampu huanza kuvuta hewa. Wengi hulaumu ukame, ingawa kiangazi chenyewe kilikuwa cha kawaida kabisa na kilichokosewa ni siku na muda wa kupima. Habari za kuchimba kisima na kutandaza mabomba naziacha, kwa kuwa hayo mnayafahamu.

Usawa wa maji unaouona baada ya mafuriko haukuambii kisima kitatoa nini wakati utakapokihitaji. Kisima kilicho karibu na mto hudanganya zaidi, kwani mto ukifurika husukuma maji yake ndani ya mchanga na changarawe za kingo, na ukishuka maji hayo huanza kurejea mtoni yalikotoka. Kwa siku hizo unakuwa umeupima mto, si akiba ya ardhini. Mbali na mto, maji ya mvua hayafiki chini mpaka udongo wa juu ushibe kwanza, na sehemu yake kubwa huishia kutiririka au kurudi hewani kwa mvuke na kupitia majani ya mimea. Zaidi ya hayo, mafuriko huacha tope laini linaloziba nafasi ndogo za udongo, hivyo shamba linaweza kulala chini ya maji kwa siku kadhaa na bado kiasi kilichopenya kikawa kidogo.

Tatizo la pili ni ile saa moja ya kupima, na hapa naomba mfuate hesabu kwa makini. Kisima cha mviringo chenye upana wa mita 1.5 hubeba takriban lita 1,767 katika kila mita moja ya kina. Kikiwa na maji ya mita 4, tayari kina zaidi ya lita 7,000 zilizotulia humo. Pampu inayotoa lita 1.5 kwa sekunde, yaani lita 5,400 kwa saa, itafanya kazi saa nzima na kubakiza maji ya kina cha karibu mita 1 hata kama ardhi haijachangia tone moja. Mkulima akizidisha lita hizo 5,400 kwa saa 8 hupata lita 43,200 kwa siku, na hapo ndipo ekari mbili zinapotoka. Alichopima ni ukubwa wa shimo. Kasi ya maji kuingia, ambayo ndiyo itakayolisha shamba, hakuigusa.

Pima katika wiki mbili au tatu za mwisho za kiangazi, kabla mvua ya kwanza haijanyesha. Atakayesema kwamba hawezi kusubiri hadi wakati huo ajue kwamba shamba lake litasubiri maji kwa muda mrefu kuliko huo. Siku moja kabla ya kipimo, kisima kisichotwe wala kuvutwa kwa saa 24, na asiwepo mtu wa nyumbani wa kuchukua ndoo mbili tatu kwa siri. Weka alama ya rangi kwenye ukingo wa kisima, na vipimo vyote vianzie kwenye alama hiyo. Kupima leo kutoka upande huu na kesho kutoka upande ule, ilhali ukingo haulingani, ni kujidanganya. Shusha mkanda wenye uzito mdogo mwishoni, uliopakwa chaki kwenye sehemu ya chini, usome mahali chaki ilipolowa, kisha uandike kina na saa.

Baada ya hapo vuta maji bila kubadilisha kasi ya pampu mpaka yabaki takriban nusu mita juu ya mdomo wa bomba la kuvutia. Kiasi kinachotoka kipimwe kwa ndoo ya lita 20 na saa yenye sekunde, mara tatu, kwa sababu mara moja haitoshi: ndoo ikijaa kwa sekunde 13, pampu inatoa takriban lita 1.5 kwa sekunde. Injini ya petroli au dizeli ibaki juu, nje kabisa ya kisima, na mtu yeyote asishuke ndani, kwa kuwa moshi wake hauonyi kabla ya kuua.

Zima pampu, na sasa kipimo chenyewe kinaanza. Wengi hufunga vifaa na kwenda nyumbani dakika hii hii, jambo ambalo hunisikitisha kuliko yote. Andika kina cha maji kila baada ya dakika 10 kwa saa ya kwanza, halafu kila nusu saa, hadi maji yarudi yalipokuwa mwanzoni. Maji huingia kwa kasi kisima kikiwa kimeshuka sana, na kasi hupungua kadiri kinavyojaa. Kwa hiyo usichague dakika 10 za kwanza kwa sababu zinapendeza, chukua wastani wa saa 3.

Tuseme maji yamepanda sentimita 90 kwa saa 3, sawa na sentimita 30 kwa saa. Katika kisima chetu cha upana wa mita 1.5 hizo ni lita 530 kwa saa, au takriban lita 12,700 kwa siku nzima. Panga kutumia theluthi mbili tu, yaani lita 8,500. Mazao yanayohitaji milimita 5 za maji kwa siku hunywa takriban lita 20,200 katika ekari moja, na ukiongeza upotevu wa asilimia 10 katika umwagiliaji wa matone, kisima lazima kitoe lita 22,500. Kwa mifereji inayopoteza asilimia 40, kitoe lita 33,700. Kisima hicho basi kinatosha chini kidogo ya ekari 0.4 kwa matone, au robo ekari kwa mifereji. Najua namba hii huudhi. Ndiyo ya kupandia.

Theluthi inayoachwa si ubahili. Ardhi inayoachia asilimia 10 ya ujazo wake kama maji hutoa milimita 100 tu usawa wake unaposhuka mita moja, na siku 100 za kumwagilia milimita 5 ni milimita 500. Kama hakuna maji yanayoingia kutoka pembeni, usawa chini ya shamba lenyewe utashuka mita 5. Pampu iliyo juu ya ardhi, kwa upande wake, haivuti vizuri maji yaliyo chini zaidi ya mita 7 kutoka ilipo, na kwenye nyanda za juu huvuta umbali mfupi zaidi. Mita hizo zihesabiwe hadi maji yalipo wakati pampu inavuta, si yanapokuwa yametulia.

Kwa kisima kirefu cha bomba lenye upana wa milimita 150, akiba ndani ya bomba ni takriban lita 18 tu kwa mita, kwa hiyo kosa la akiba ni dogo, lakini kosa la muda hubaki. Maji huendelea kushuka polepole kwa saa nyingi, kwa hiyo pampu ivute saa 24 mfululizo, na visima vya majirani vifanye kazi siku hiyo kama vinavyofanya katika msimu wa umwagiliaji, kwani kisima chao huweza kushusha chako.

Maji yakirudi palepale kila asubuhi msimu mzima, umepata. Mafuriko yakiingia kisimani, pima upya kina hadi sakafuni, kwani tope huenda limekula sehemu yake, na kiangazi kitakachofuata rudia kipimo chote tangu mwanzo.